Chupa ya Buluu ya Bi Zuweina

Kila asubuhi, akishaswali na kabla hajanywa chochote, shangazi yangu Bi Zuweina hutia maji ya moto katika chupa mbili za chai. Ile nyekundu, kubwa, huijaza chai ya mchaichai tunayokunywa mimi na yeye. Ile ya buluu, ndogo, yenye kifuniko kilichokazwa kwa mpira wa baskeli, huijaza maji matupu yanayochemka, huifunga kwa nguvu na kuiweka chini ya meza ya jikoni, nyuma ya gunia la makaa. Jioni huyamwaga uwani. Miezi yote ya mwanzo niliyokaa kwake sikumwona mtu akinywa maji yale, na sikuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza. Nilidhani ni ya kukandia magoti.

Nilihamia kwake Wete, Pemba, mwaka niliomaliza chuo Unguja, nilipopangiwa kusomesha katika skuli moja ya sekondari hapo mjini. Kwetu ni Kengeja, kusini, mbali kwa kwenda na kurudi kila siku. Marehemu baba yangu, Nassor, alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, kwa hivyo hapakuwa na mjadala. Nilishuka garini na sanduku la nguo na mabegi mawili ya vitabu. Alivitazama vitabu, akasema chumba cha uwani kina mchwa, bora nilale chumba cha mbele. Baadaye ndipo nilipojua kuwa chumba cha mbele kilikuwa cha Mardhiya, msichana aliyemlea.

Bi Zuweina ana miaka sitini na tatu. Alipiga taipu katika ofisi ya serikali miaka thelathini na moja, na mpaka leo akikaa bila ya kazi vidole vyake hucheza juu ya paja. Babu yake alikuwa na mikarafuu kilima kizima. Yeye ana ua wa hatua kumi na mbili kwa tisa, tangi la maji, kamba ya nguo, na mwaridi mmoja.

Aliolewa na Bwana Ghassan wa Chake akiwa na miaka ishirini, akaachwa akiwa na thelathini, kwa kuwa hakuzaa na mume alitaka kuoa anayezaa. Siku aliyotoka nyumba ile alichukua nguo zake, cherehani, na vijiti vitatu vya mwaridi uliokuwa chini ya dirisha la chumba chake. Alivifunga kwa kitambaa kibichi akavipakata garini mpaka Wete. Viwili vilikufa. Cha tatu ndicho kilichoota mwaridi huu uliopo. Ule mwaridi wa Chake, aliniambia siku moja akichambua mchele, ulikauka wiki ile ile aliyoondoka. Akaendelea kuchambua mchele.

Waridi lake si lile la madukani lililosimama wima lisilo na harufu. Ni dogo, jekundu lililopauka, majani yake yamebanana, na likishachanua halidumu zaidi ya siku mbili. Lakini ukiliweka kabatini nguo hunukia wiki nzima. Wete asumini ziko kwenye kila ukuta, na rehani na langilangi hazikosi, ila waridi la kunukia nililijua hilo moja tu. Na kikuba cha biharusi, kile kishada cha maua anachobanwa kifuani, wanawake wa mtaa wetu hawakioni kimetimia kama hakina waridi katikati. Kwa hivyo walikuja kwake. Alkhamisi jioni, watu wanapojitayarisha kwa Ijumaa na kwa harusi za mwisho wa wiki, viatu vilijaa mlangoni mpaka nikirudi skuli nilikuwa sina pa kuviweka vyangu.

Hakumnyima mtu ua, na hakumnyima mtu kijiti cha kupanda. Aliyeomba kijiti alikalishwa, akapewa chai, akafundishwa mwanzo mpaka mwisho. Kiwe na urefu wa shibiri. Kikatwe mshazari, chini kidogo ya fundo, kwa kisu kilichopita motoni. Majani yatolewe yote yabakishwe mawili ya juu. Kifungwe kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, si cha kuchuruzika maji, kisha juu yake ganda la mgomba. Kama hutakipanda siku hiyo, kiweke chini ya mtungi wa maji, kitakaa siku tatu, hata nne, bila ya kujua kuwa kimekatwa. Ukikipanda, mchanga wa mtoni, na juu yake chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kati, kipate jasho lake chenyewe. Haya yote aliyasema kwa sauti ya mtu anayesomesha, na mimi ninayelipwa kwa kusomesha nilikuwa nikisikiliza nyuma ya pazia na kuona kuwa anajua kuliko mimi.

Kisha hukata kijiti, huingia nacho jikoni peke yake kukitia dawa ya mizizi, na kurudi nacho kimeshafungwa. "Mwisho wake usiukate tena," husema. "Dawa ipo hapo."

Hakuna kilichoota. Si kwa yeyote.

Nakumbuka Alkhamisi moja alikuwepo Bi Mwanapili, mke wa mwenye duka la mchele, na Bi Kazija, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Bi Mwanapili alikuwa ameweka mikono kiunoni.

"Bi Zuweina, mie mwaka huu nshatia vijiti sita. Vyote vimekuwa kuni."

"Umevimwagilia sana."

"Nimevimwagilia kama ulivyonambia."

"Basi umevimwagilia kidogo."

Bi Kazija akacheka mpaka akashika mlango. "Yakhe, huo mti una mume wa kijini. Hautaki kuhama kwa mumewe."

"Mume gani huyo atakayekubali kukaa na mie," alisema shangazi. Wakacheka wote, yeye akacheka kuwapita, kisha akaingia jikoni kumtilia Bi Mwanapili dawa kijiti cha saba.

Bi Kazija ana watoto wanane, na huyo Mardhiya ni wa tano. Alipofika miaka minne mama yake alimtoa aje kulala kwa Bi Zuweina, kama tunavyofanya sisi, mwanamke aliye peke yake asilale katika nyumba tupu. Alikuja kulala, akakaa miaka kumi na tisa. Sare zake za skuli zilishonwa kwa cherehani iliyotoka Chake. Alisomeshwa herufi kwa magazeti ya zamani ya ofisini. Akiumwa, aliyekesha naye ni shangazi, na asubuhi Bi Kazija huja kuuliza hali akiwa amebeba mwingine mgongoni. Mtoto aliwaita wote wawili mama: Mama na Mama Zuwe.

Lakini aliposwa, barua ya posa ilipelekwa nyumba ya pili. Waliokwenda kumposa walipita mlango wa Bi Zuweina, wakamwamkia, wakaenda kubisha hodi kwa Bi Kazija, na ndivyo inavyotakiwa. Siku ya harusi Bi Kazija alikaa kando ya biharusi akipokea mikono ya watu. Bi Zuweina alikuwa chumba cha nyuma, sakafuni, anatunga kikuba. Alinihadithia kuwa kilikuwa na mawaridi tisa, na kwamba mtu mmoja aliyekuja kukichukua alimuuliza, "Wewe ndiye fundi?"

Mardhiya alihamia Dar es Salaam na mumewe, Maher, fundi wa mafriji. Chumba chake nikakipata mimi.

Nilimwonea wivu kabla sijapata kumwona. Picha yake ilikuwa ukutani juu ya kitanda nilicholala. Kikombe chenye ua la zambarau kilikuwa chake, na siku niliyokitumia shangazi alikiosha akakirudisha juu kabisa ya kabati. Mimi ndiye niliye damu yake. Mimi ndiye niliyembebea maji, niliyempeleka kupimwa macho, niliyekaa naye jioni. Aliniita mwalimu. "Mwalimu, chai tayari." "Mwalimu, nuru hiyo itakumaliza macho." Simu ikilia na ikawa ni Mardhiya, alijifuta mikono kwenye kanga hata kama mikono ilikuwa mikavu, ndipo akapokea, na neno la kwanza lilikuwa "mwanangu."

Naye alikuwa na wivu wake, mkubwa kuliko wangu na wa siku nyingi zaidi. Siku za mwanzo Mardhiya alimpigia Idi na Idi, na baadhi ya Ijumaa. Nyumba ya pili alipiga kila siku. Ukuta wetu ni mwembamba. Tulisikia simu ya Bi Kazija ikilia, tukamsikia akicheka, akilalamika juu ya magoti, akiuliza bei ya nazi Dar es Salaam. Bi Zuweina hupunguza redio, huinamia kazi yake, na vidole vya taipu vinaanza kucheza. Saa moja baadaye Bi Kazija hupitia kuomba chumvi. "Mwanangu kapiga. Kwako hajapiga? Ah, ana shughuli nyingi maskini." Sidhani kuwa alikusudia ubaya. Mtu mwenye watoto wanane hahesabu.

Kisha Mardhiya akapata mimba, na mimba ikamfanya akatae harufu ya kila kitu. Alipiga siku moja mchana, akasema kitu pekee anachokitamani ni waridi la nyumbani. Wana roshani ndogo, inapata jua la asubuhi. Je, kijiti kinaweza kufika salama?

Shangazi alimwambia kitafika. Siku hiyo nzima alikuwa akiimba chini kwa chini.

Mimi ndiye niliyekuwa tarishi. Kila baada ya wiki mbili nilikuwa nikienda Kengeja kumtazama mama yangu, na kutoka hapo, Jumamosi asubuhi, nilifika Mkoani nikamkabidhi furushi Bwana Kificho, mwenye kibanda karibu na bandari anayepokea mizigo midogo ya Dar. Siku ya pili au ya tatu Maher alikwenda kulichukua bandarini Dar. Kwa mwendo ule vijiti vinne vilihitaji kukaa hai siku tatu au nne, na kwa ufungaji wa shangazi vilikaa. Vilifika vibichi, majani mawili mawili yamesimama.

Kisha simu zikaanza. Sijapata kusikia watu wakizungumza juu ya kitu kidogo kwa muda mrefu namna ile. Shangazi aliweka simu mezani kwa sauti ya juu ili mikono yake ibaki huru, na mimi nikawa nasahihisha madaftari pembeni.

"Mama Zuwe, kimoja jani lake limeinama."

"Limeinamia wapi?"

"Linatazama jua."

"Basi geuza chungu, lipe kisogo. Kesho unambie."

Kesho akamwambia. Na kesho yake. Kutoka kwenye jani walihamia kwenye kichefuchefu, kutoka kichefuchefu kwenye mama mkwe, kutoka mama mkwe kwenye ndoto aliyoota. Wiki ya tatu vijiti vikaanza kufanya weusi kutoka chini kwenda juu, na Mardhiya akalia kwenye simu. Shangazi alimbembeleza kwa upole mwingi. Tutatuma vingine mwanangu, mvua ikipungua. Alipokata simu uso wake ulikuwa umetulia, na alikula wali sahani mbili.

Mimi ni mtu wa vitabu. Kilichonisumbua ni kwamba nilikuwa nimesoma, katika kitabu cha kilimo cha kidato cha pili kilichokuwa mezani skuli, kuwa mwaridi ni katika mimea inayoota kwa kijiti bila ya taabu kubwa. Siku alipokuwa akikata vijiti vya safari ya kwanza, niliokota kipande cha juu alichokitupa. Nilikichomeka kwenye chungu kilichovunjika mdomo, chenye mchanga, nyuma ya tangi la maji, nikakifunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, vile vile kama alivyofundisha, ila sikukitia dawa. Baada ya mwezi nilikivuta kidogo, kikanikatalia. Nilipofukua kwa kidole niliona mizizi myeupe, mitano, laini kama uzi wa kushonea. Nilikifukia tena, na sikumwambia mtu. Nilikuwa nimefurahi na nimeogopa kwa pamoja.

Furushi la pili alinipa Ijumaa, mlangoni, nikiwa nimechelewa gari. Nililitia mkobani nikakimbia. Garini niliweka mkoba mapajani, na kabla hatujatoka mjini nilihisi ujoto. Ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, hewa baridi, abiria wamejikunja. Nilitia mkono ndani. Ganda la mgomba lilikuwa na joto kama mkate uliotoka tanurini. Nililifungua upande mmoja, nikafungua kitambaa, nikaona ncha za vijiti. Kwa kiasi cha vidole vitatu kutoka chini havikuwa kijani tena. Vilikuwa rangi ya chai, vimelainika, kama mchicha uliopitishwa kwenye maji yanayochemka.

Nikaiona ile chupa ya buluu nyuma ya gunia la makaa. Nikawaona Bi Mwanapili na vijiti vyake saba, na wanawake wote wa Alkhamisi waliorudi majumbani na kitambaa kibichi wakijiuliza wamekosea wapi. Nikauona mpaka mwaridi wa Chake uliokauka wiki ile ile.

Ningeweza kumpigia Mardhiya nikamwambia aukate tu mwisho ulioungua, vingeota. Ningeweza kumrudishia shangazi furushi lake. Nilivifunga kama vilivyokuwa, na Jumamosi nikamkabidhi Bwana Kificho, akaandika jina la Maher juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Sikutaka Mardhiya apate kitu. Hiyo ndiyo sababu, na sina nyingine ya kuiweka mbele.

Lakini sikujua nimejifungia nini. Vijiti vya pili vilikufa polepole kuliko vya kwanza, na simu zikawa mara mbili kwa siku. Sasa shangazi aliacha hata kupunguza redio ukuta wa pili ukicheka. Alikuwa na kicheko chake mwenyewe. Jioni moja nilimsimulia kuwa mwanafunzi wangu mmoja ameshinda mashindano ya insha ya wilaya, akasema vizuri mwalimu, akiwa anaitazama simu. Nilirudi chumbani, chini ya picha ya Mardhiya, nikaelewa kuwa kila kijiti kinachokufa Dar es Salaam kinamrudisha yeye katika nyumba hii.

Mara ya tatu niliamka kabla ya shangazi hajamaliza swala ya alfajiri. Nilikata vijiti vinne upande wa nyuma wa mwaridi, usioonekana kutoka mlangoni, mshazari, chini ya fundo. Nilivifunga kwa kitambaa kibichi na ganda la mgomba, kama afungavyo yeye, nikavitia chini ya vitabu mkobani. Mchana, niliporudi skuli, yeye akanipa vyake, vya moto. Kengeja nililaza vyangu chini ya mtungi wa mama yangu. Vyake nilivitupa mtaroni, njiani kwenda Mkoani.

Njia nzima nilijiambia kuwa natenda haki. Mwanamke mjamzito yuko ugenini anaomba harufu ya kwao, nani atakayemnyima? Maneno yalikuwa mazuri, nikayapanga na kuyapangua kichwani kama insha. Lakini chini yake nilijua ninachotaka. Nilitaka waridi liote ili simu inyamaze.

Wiki ya tano Mardhiya alipiga akiwa anacheka. "Mama Zuwe, vimeota. Vitatu. Kimoja kimetoa jani jipya, jekundu."

Shangazi alikuwa anakuna nazi. Aliacha mkono juu ya mbuzi.

"Hukuukata tena mwisho?"

"Sikuukata. Si ulinikataza?"

"Ndiyo, nilikukataza. Vizuri, mwanangu. Vimwagilie."

Mazungumzo yalikwisha hapo, kwa sababu hapakuwa na cha kurekebisha. Aliendelea kukuna nazi hiyo mpaka akafika kwenye kifuu. Hakunitazama.

Simu zikawa za kila wiki, kisha za Idi. Mardhiya hakuwa na ubaya. Alikuwa na mimba, nyumba na mume, na mwaridi wake ulikuwa haujambo. Mtoto alipozaliwa, tulipata habari kupitia ukutani: vigelegele vya Bi Kazija, viti vikisogezwa, na mtu akisema ni mwanamke, jina lake Manar. Shangazi alisimama katikati ya jiko na kijiko mkononi. Kisha akavaa kanga safi akaenda kumpa hongera jirani yake, kwa kuwa ndivyo inavyopasa, akakaa huko nusu saa, akarudi, akasafisha mchele ambao ulikuwa umeshasafishwa. Mardhiya alimpigia siku ya tatu, akaomba radhi, alikuwa na homa. Shangazi alimwambia haina neno.

Zilipopita mvua za masika, Bi Kazija alikuja na simu kutuonesha picha: roshani, mtoto kwenye beseni, na nyuma yake mwaridi una maua manne. "Kumbe ni rahisi tu," alisema. "Mwanangu ana mkono." Na mwezi uliofuata Mardhiya alimtumia mama yake vijiti, kwa mkono wa mtu aliyekuwa anarudi Pemba, vimefungwa kwa kitambaa kibichi na ganda la mgomba, ufungaji wa Bi Zuweina bila ya kupungua hata fundo. Bi Kazija alivipanda kwenye ndoo tatu. Vikaota vyote. Akampa Bi Mwanapili, na Bi Mwanapili akampa dada yake aliyeko Micheweni.

Alkhamisi nilianza kupata nafasi ya viatu vyangu. Wanawake walipita, wakaamkia, "Nashikamoo Bi Zuweina," wakaendelea mpaka mlango wa pili. Si kwa kumsusa. Bi Kazija ana ua mkubwa na watu wa kucheka nao, na sasa ana mawaridi pia. Nyumba ikawa yetu, mimi na shangazi, jioni nzima, kama nilivyotaka. Alikaa upande wake wa meza, mimi upande wangu na madaftari. Redio ilibaki chini.

Nilikuwa nimekisahau chungu changu. Yeye ndiye aliyekiona, siku bomba la tangi lilipovuja na akaenda nyuma kutafuta linapovujia. Nilirudi skuli nikakuta chungu kile chenye mdomo uliovunjika kimewekwa mbele ya nyumba, kando ya mwaridi wa zamani, mmea umerefuka na kupinda kwa kutafuta jua, na juu kabisa una tumba moja lililofunga. Shangazi alikuwa anafagia. Nilisimama na mkoba begani nikingoja.

"Huu umekaa bila ya jua siku nyingi, mwalimu," alisema, akaendelea kufagia.

Jioni alinitilia chai, akaniuliza kama nimepiga pasi sare ya Jumatatu. Chungu alikigeuza kila asubuhi, robo mzunguko, ili mmea unyooke. Ningefurahi kama angenigombeza.

Wiki iliyopita niliamka mapema, nikamkuta jikoni. Birika lilikuwa linachemka. Alijaza chupa nyekundu. Kisha akainama, akaitoa ile ya buluu nyuma ya gunia la makaa, akaifuta vumbi la makaa kwa ncha ya kanga, akaijaza. Miezi mingi hakuna aliyekuja kuomba kijiti. Aliijaza mpaka juu, akakizungusha kifuniko, akavuta mpira wa baskeli mara mbili.

"Shangazi," nilisema, "kwa nini ulikuwa ukiviunguza?"

Aliirudisha chupa mahali pake kwanza. Alikaa kwenye kibao, akaweka mikono juu ya mapaja, na vidole safari hii havikucheza.

"Kazija hupigiwa simu bure," alisema. "Mie mpaka niwe na kitu."